Mikorosho ya Doti Mbili

Mwaka niliopunguzwa kazi ndio mwaka nilioingia kwenye historia, na wala sikuitafuta. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja pale Masasi, na ofisi ilipoambiwa ijitegemee, ilijitegemea kwa kututoa sisi. Nilirudi nyumbani na mashine ya chapa nzito kama jiwe la kusagia, ambayo walinipa kwa sababu hakuna aliyetaka kuibeba, pamoja na hasira ambazo sikujua nizipeleke wapi. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila mtu alikuwa anauza kitu: mitumba, betri, vitumbua, sabuni za rangi tatu. Mimi nikatundika kibao cha kupiga chapa barua na maombi, nikakaa kusubiri.

Wateja wangu wa kudumu walikuwa wazee wawili ambao hawakuwa na haja ya barua wala ombi. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, Mkristo wa misheni, mrefu, mwenye kalamu tatu mfukoni hata anapokwenda kuoga. Tulimwita Mwalimu. Wa pili alikuwa Mwislamu aliyezaliwa juu mlimani, upande wa Newala, akafanya kazi ya kufunga vidonda hospitalini mpaka akastaafu, na ruksa ilipokuja akafungua duka la dawa karibu na stendi. Huyu tulimwita Dakta, na hakuwahi kumsahihisha mtu. Kila siku baada ya swala ya alasiri walikutana kwenye baraza la duka hilo kugombana juu ya mambo yaliyotokea kabla hawajazaliwa.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa huu: nani alitangulia kukaa chini ya majabali ya Masasi? Mwalimu alisema mji ulianza na watu wa misheni, na kabla yao palikuwa pori.

"Kama palikuwa pori," Dakta alimwuliza, "hao wageni wako walipofika na kiu, nani aliwaonyesha maji?"

"Waliyatafuta."

"Mzungu atafute maji Masasi mwezi wa kumi, ayapate peke yake?"

"Labda walikuja na chupa," alisema fundi cherehani, bila kuinua kichwa. Fundi huyu, Mmakua mpole wa makamo, alikuwa amekodi pembe ya baraza hilo kwa ajili ya cherehani yake. Hakuwa mwanahistoria, lakini kwa kuwa hakuweza kuhama, alihesabiwa kuwa mjumbe.

Tarehe walizipata kwa kuhesabu majando. Watu wa huku, ukimwuliza mzee mwaka, atakuambia jando: ilikuwa kabla ya jando la fulani, au wale wa jando lile walikuwa bado hawajapona. Ni kalenda nzuri, ila ilitaka watu wawe na jando moja. Mwalimu alitahiriwa kwenye jando la misheni, Dakta kwenye jando la kwao huko juu, na majando hayo hayakwenda pamoja. Kwa hiyo kila jambo wilayani kwetu lilitokea mara mbili. Nilizoea kupiga mwaka wa Mwalimu, halafu alama ya mkwaju, halafu mwaka wa Dakta, na kuwaacha wasomaji wachague.

Niliwapenda. Niliwaonea uchungu pia, maana hakuna aliyewatuma, hakuna aliyewalipa, na watoto wao waliwaona kama watu wanaofukua makaburi. Lakini nilipokuwa nao nilisahau kwamba nimefukuzwa. Nilikuwa katibu wa kitu.

Siku moja Mwalimu alikuja na wazo ambalo, ajabu, Dakta hakulipinga. Tuandike juu ya mahame.

Nilipokuwa msichana, watu walihamishwa kutoka mashamba ya mbali, tukakusanywa kwenye vijiji kando ya barabara. Nyumba tulizoziacha zilibomoka, mikorosho ikabaki. Kwa miaka mingi haikumsaidia mtu. Ubwiri unga ulikausha maua, bei ilikuwa ya kusikitisha, wengine waliikata kuni. Kisha ruksa ikaifikia korosho. Wanunuzi binafsi wakapanda na malori yao hadi Newala na Tandahimba, dawa ya salfa ikaanza kuonekana madukani, na ghafla kila mtu akakumbuka babu yake alikuwa anakaa wapi. Watu walirudi kwenye mahame na mapanga kufyeka chini ya miti ambayo hawakuitazama kwa muda mrefu. Mwalimu alisema lazima tuandike nani alikaa wapi kabla wanaojua hawajafa.

"Na tuanze na wenye umri mkubwa," Dakta akasema, akanitazama. Nilijua anamaanisha Bibi yangu.

Bibi mzaa mama alikuwa anaishi pembeni mwa Newala pamoja na mama yangu mdogo, mjane kama yeye. Mama yangu alikuwa ametangulia. Hame lao lilikuwa chini ya mteremko, mwendo wa asubuhi nzima kwa mguu, na mama mdogo alikuwa wa kwanza kurudi huko. Alifyeka, akapogoa, akapuliza salfa na kitambaa kimefungwa puani, na msimu wa pili mikorosho ikamjibu. Chumvi yao, sabuni yao, dawa ya mguu wa Bibi, bati nne juu ya chumba chake, vyote vilitoka kwenye mikorosho ile. Hawakuwa na kitu kingine.

Tulipanda Newala tukiwa wanne, kwa kuwa fundi naye alisema amechoka kushona. Ilikuwa Juni na upepo wa juu kule unakata. Tulimkuta Bibi anapepeta njugu mawe.

"Shikamoo, Mama," Mwalimu akasema, amevua kofia.

"Marahaba, baba. Mmekuja kunioa wote watatu?"

Dakta alicheka mpaka akakohoa. Kisha Bibi akanigeukia mimi. "Na wewe, mke mwenzangu, umekuja kuona kama nimekufa ubaki na mume peke yako?" Ndivyo bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu wa kike, babu ni mume wetu sote wawili. Mume wetu alikuwa kaburini tangu sijaanza shule.

Mwalimu alifungua daftari. Aliuliza juu ya ukoo, juu ya njia waliyoteremkia maji kabla ya bomba, juu ya kuhamishwa. Bibi alijibu vizuri, kwa Kimakonde akichoka na Kiswahili, na Dakta akitafsiri kwa maringo. Halafu likaja swali lililoonekana dogo kuliko yote.

"Na ile mikorosho ya hameni, Mama, aliipanda nani?"

Bibi alipuliza maganda kwenye ungo. "Mume wangu."

"Yote?"

"Yote."

Mwalimu akaandika. Hakuna aliyeuliza tena. Mjane akitaja kazi ya marehemu mumewe, kwetu humwulizi ushahidi. Unaitikia, unamwombea marehemu, unaendelea. Nami niliitikia.

Nilipiga chapa ukurasa ule kwa furaha ya pekee. Mwalimu alikuwa ameupamba: mikorosho yote ya hame hili ilipandwa na marehemu, mkulima hodari, kwa jasho lake na bila msaada wa mtu. Nilijua maneno "bila msaada wa mtu" Bibi hakuyasema, lakini nikayaacha, maana yalikuwa juu ya babu yangu na yalinipendeza. Tuliudurufu pamoja na kurasa nyingine kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono ya shule moja, tukashona mgongo kwa uzi wa fundi. Vijitabu vilitoka vinanuka wino na vidole vyetu vilikuwa vyeusi siku tatu. Mwalimu alitembea mjini amekiweka kimoja kwapani, jalada likitazama nje.

Lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo mtu hataelewa tulichokifanya. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa, huhamia kwa mke na kulima kwenye ardhi ya kina mke. Lakini mti ni wa aliyeupanda, hata ukiwa kwenye ardhi ya watu, na mwanamume akifa, vya kwake huwaendea watoto wa dada yake. Dini zimebadilisha mengi, hili zimelibadilisha nusu nusu. Mimi nililijua. Mwalimu alilijua, Dakta alilijua, fundi alilijua. Tukakaa watu wanne tunaolijua, tukaandika kwa mikono yetu kwamba mikorosho ya Bibi haikuwa ya Bibi.

Aliyetukumbusha alikuwa mpwa wa babu. Alikaa Tandahimba, mtu wa korosho, mstaarabu sana. Alifika kwa mama mdogo na baiskeli mpya, akasalimia kwa magoti, akala ugali wa muhogo alioandaliwa, akanawa, halafu akatoa kijitabu chetu kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa amepiga mstari chini ya sentensi yetu kwa kalamu nyekundu. Hakugomba. Alisema yeye hakuwa anajua, ila kwa kuwa wasomi wa Masasi wameandika, na kwa kuwa Bibi mwenyewe ndiye aliyesema, angeomba alichoachiwa na mjomba wake. Kisha akaenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba baraza la kijiji liitishwe.

Mama mdogo alinitumia habari kwa kondakta wa basi. Nilikwenda dukani kwa Dakta nikiwa sioni mbele.

"Mmemfukuza bibi yangu shambani!" nikawaambia. Mteja wa panadoli akatoka bila panadoli.

Mwalimu alisoma ukurasa wake, midomo ikicheza. "Tuliandika alichosema," alisema. "Historia ni kuandika wanachosema wenyewe."

"Na 'bila msaada wa mtu' alisema nani?"

Mwalimu akafunga kijitabu. Dakta alianza kutabasamu, kwa sababu alikuwa amesubiri miaka Mwalimu akamatike, lakini tabasamu likamfia. Jina lake lilikuwa kwenye jalada pia. Akakaa juu ya kasha la dawa, akaanza kuhesabu vidole taratibu.

"Subirini," akasema. "Mimi nilikula mabibo ya miti ile."

Alitueleza. Alipokuwa jandoni, kambi yao haikuwa mbali na hame letu, na mabibo ya kwanza kabisa ya mikorosho ile waliletewa wao, wavulana wa jando. Mama mkubwa mmoja alisema ni mabibo ya mavuno ya kwanza, wayale wapone upesi. Na jandoni alikuwa pamoja na mjomba wangu, mwana wa Bibi. Alikumbuka kwamba mjomba alisimamiwa na kaka yake Bibi, akalia kwa kuwa baba yake hakuwepo. Babu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Tanga, tangu miaka mingi kabla.

"Mkorosho huzaa ukiwa na miaka mitatu, minne," alisema Dakta. "Basi aliupanda akiwa Tanga?"

"Ulikuwa na hesabu hii kichwani siku tuliyomhoji?" Mwalimu aliuliza.

"Nilikuwa nayo. Sikuihesabu."

Hilo ndilo jibu la kweli zaidi nililowahi kusikia kutoka kwenye baraza lile. Wala Mwalimu hakuligeuza kuwa ushindi.

Tulipanda tena Newala, na safari hii tukateremka hadi hameni. Mikorosho ilikuwa mikubwa, matawi yameshikana juu hata jua lilipita kwa vipande. Mwalimu alilalamika kwamba imebanana; mabwana shamba walikuwa wakifundisha watu kupanda kwa kamba yenye mafundo, mti na mti mbali sana. Fundi alisimama kati ya mti mmoja na mwingine kwa muda mrefu, halafu akatoa futi yake ya kitambaa shingoni, ile ya kupimia viuno vya watu, akaanza kupima ardhi. Alipima mstari wa kwanza. Alipima wa pili. Tulimwacha, maana hakuna aliyejua cha kufanya.

"Doti mbili," alisema.

"Nini doti mbili?"

"Kati ya mti na mti. Kanga pande nne zimefungwa ncha kwa ncha. Hapa inazidi kidogo, pale inapungua kidogo, lakini ni doti mbili." Akaikunja futi yake. "Hakuna mwanamume anayepima shamba kwa kanga. Mwanamume angehesabu hatua."

Nilimwona Bibi kijana, amevua nguo yake ya juu, amechukua na za dada zake, amezifunga, anaziburuta kwenye udongo kutoka shimo hadi shimo. Nililia, sikujificha. Dakta alinipa leso yenye harufu ya spiriti.

Kwa hiyo tulijua. Ila baraza lisingesikiliza futi ya fundi kuliko neno la mwenye mume, na neno la Bibi lilikwishaandikwa. Ilibidi aseme mwenyewe. Wazee waliniachia mimi kazi hiyo, wakabaki nje wanajifanya wanatazama kuku.

"Bibi, ulipanda wewe."

"Umeambiwa na nani?"

Nikamweleza jando, nikamweleza doti. Aliposikia habari ya fundi alicheka kwanza. "Ana macho yule. Kamwambie aje anipimie sanda." Halafu akaacha kucheka, akaanza kufuta miguu yake kwa ncha ya kanga ingawa haikuwa na vumbi.

Alinieleza, na nilikuwa sijawahi kuyasikia. Babu alikwenda mkonge kutafuta, kama wenzake. Wenzake walirudi na baiskeli, wengine na cherehani, wengine na magunia ya nguo. Yeye alikaa miaka saba, akarudi siku ya soko, mchana kweupe, amebeba sanduku la bati. Watoto walimfuata wakiimba. Alipolifungua ndani ya nyumba iliyojaa watu, mlikuwa na shati moja na dawa ya kikohozi. Watu walianza kusema. Ukweni, mwanamume asiye na kitu anasemwa na hata kuku. Alikuwa anakaa nyuma ya nyumba hataki kutoka.

"Basi nikaanza kusema mikorosho ni yake," Bibi alisema. "Nikasema mbegu alinituma, nikasema alinionyesha kabla hajaondoka. Nikasema mpaka watu wakachoka, wakakubali. Na yeye akaanza kutoka. Akaanza kupalilia, akaanza kumwambia mtu, njoo uone mikorosho yangu. Nami nikamwacha aseme."

"Na ndugu zako? Walijua."

"Walijua. Wakanyamaza kwa ajili yangu. Wamekufa wote na mdomo umefungwa, sasa niufungue mimi?"

"Lakini Bibi, huyu atachukua miti. Mama mdogo atakulisha nini? Wewe utakula nini?"

"Usinipigie kelele, mke mwenzangu. Najua nitakula nini. Najua na nisichokula."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilimkasirikia babu yangu aliyekufa, na sanduku lake, na mapenzi ya wazee ambayo mtu anayapalilia hata yanapomla. Nikatoka nje nikawaambia wale watatu kwamba hatasema. Mwalimu akavaa kofia. Njia nzima ya kurudi Masasi hakugombana na Dakta hata mara moja, nami nilianza kuogopa kwamba anaumwa.

Siku ya baraza, watu walijaa kwenye jengo la shule. Mpwa alikaa mbele na kijitabu chake. Bibi alikalishwa kwenye kiti cha mwalimu wa darasa, miguu haifiki chini. Mtendaji alisoma sentensi yetu kwa sauti, yote, pamoja na jasho na bila msaada wa mtu, na kila neno lilinichoma, maana nilikumbuka lilivyolia kwenye mashine.

Kisha Mwalimu akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Alisimama, akavua kofia.

"Mimi ndiye niliyeandika," alisema. "Nilikosea. Sikuhesabu miaka, sikwenda kuona miti, na nikaongeza maneno ambayo mama huyu hakuyasema. Nilitaka marehemu apendeze kwenye karatasi. Kosa si la mama. Naomba ukurasa huo usitumike kumhukumu mtu."

Mimi namjua Mwalimu. Alikuwa tayari kupotea njia kuliko kumwuliza mtu njia. Dakta, pembeni yangu, aliinamisha kichwa, na nilimsikia anasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye, na yeye, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Mpwa alisimama kwa adabu ileile. "Namshukuru Mwalimu. Lakini Mwalimu hakuwepo. Mimi sikuwepo. Aliyekuwepo ni mkaza mjomba wangu, na yuko hapa. Akisema ni yake, narudi Tandahimba leo. Aseme tu."

Alikuwa na haki. Ndiyo iliyoniuma zaidi, kwamba alikuwa na haki.

Bibi alitazama watu mmoja mmoja, kama anawatafuta ndugu zake waliokufa. Mama mdogo, aliyekaa chini karibu naye, hakumshika wala kumsihi; alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, iliyopasuka kwa salfa. Nadhani Bibi aliiona ile mikono.

"Nilipanda mimi," alisema. "Kwa kanga zangu na za dada zangu. Mume wangu alikuwa Tanga."

Mtendaji akaanza kuandika.

"Ngoja, baba, usifunge kitabu," Bibi akamwambia. "Isipokuwa mmoja. Ule wa njiani, wa kwanza ukitokea huku juu. Ule aliupanda mume wangu siku aliyoondoka. Huo ni wake. Mpwa wake na auchukue."

Mpwa alitazama chini. Halafu alikuja mbele, akapiga magoti, akasema ahsante, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshindwa kesi. Ikaandikwa hivyo: yote ya Bibi, mmoja wa marehemu. Watu walitoka wakisema walikuwa wanajua siku zote.

Nje, fundi alinivuta kando. "Dada, ule wa njiani," akaninong'oneza, "na wenyewe niliupima. Doti mbili."

Nilimwambia anyamaze. Akanyamaza, lakini alikwisha kumwambia Dakta, na Dakta alikwisha kumwambia Mwalimu. Tulipokaa Masasi kuandika upya ukurasa ule, nilingoja Mwalimu aanze, maana huyu ni mtu aliyewahi kugombana wiki mbili juu ya chupa za wamisionari. Alisoma rasimu. Alichukua kalamu moja kati ya tatu, akaongeza koma mahali, akanirudishia.

"Piga," akasema.

"Na mwaka wa ule mmoja?" nikamwuliza Dakta.

"Siku aliyoondoka," Dakta alisema. "Si ameshasema? Andika hivyohivyo." Mara hii hapakuwa na mkwaju.

Mpwa amekuwa akija kila msimu. Anaokota korosho za mti mmoja, hazijai hata kiroba, anazifunga kwenye baiskeli, halafu anapita kwa Bibi kumwamkia na kumwachia nusu. Hakuna anayehitaji safari hiyo. Nilipomwona mwaka wa kwanza nilishindwa kuvumilia, nikamwuliza Bibi mbele ya chai yake: ule mti, kweli aliupanda babu?

Hakunitania. Hakuniita mke mwenzake.

"Alirudi mara moja mikono mitupu," alisema, "na watu wote wakamwona. Sikutaka wamwone hivyo mara ya pili."